Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa mabanzi ni ishara ya hatari

Na Mwandishi Wetu, Kiwengwa

MTOTO anapoanguka kutoka mwembeni, au mkwezi anapoteleza mnazini, katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, mara nyingi wa kwanza kuitwa ni muungaji mifupa. Mkono hunyooshwa, kisha hufungwa kwa mabanzi na vitambaa. Wengi hupona. Lakini wapo ambao mfupa huunga vizuri, ilhali vidole hubaki vimekunjamana na kukosa nguvu maisha yote.

Chanzo cha ulemavu wa aina hiyo kwa kawaida si mfupa, bali ni misuli iliyokosa damu.

Misuli ya mkono na mguu imegawanyika katika mafungu, na kila fungu limezungukwa na utando mgumu usiotanuka kwa urahisi. Mfupa unapovunjika, damu huvuja na misuli huvimba ndani ya utando huo. Nafasi ikishakwisha, mgandamizo hupanda hadi kuibana mishipa midogo ya damu. Misuli iliyokosa damu nayo huzidi kuvimba, na hali huwa mbaya zaidi. Mabanzi, bandeji au hata plasta ya hospitali ikikazwa mno huongeza mgandamizo huo kutoka nje.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1881 na daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, ambaye alilihusisha na bandeji zilizokazwa kupita kiasi. Hadi leo mkono uliokunjamana kwa sababu hiyo huitwa kwa jina lake. Watoto waliovunjika juu kidogo ya kiwiko ni miongoni mwa walio katika hatari.

Muda ndio unaoamua. Misuli iliyokosa damu huanza kuharibika katika saa chache, na zikipita kati ya saa 6 na 8 sehemu kubwa ya madhara huwa haiwezi kurekebishwa. Misuli iliyokufa hugeuka kovu, nalo kovu hujikunja na kuvuta vidole. Sumu zake zikiingia katika damu kwa wingi, mkojo huwa wa rangi ya kahawia na figo huweza kushindwa kufanya kazi.

Kutoka Kiwengwa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja ni kiasi cha kilomita 40, mwendo wa takriban saa moja kwa gari. Umbali huo si mkubwa. Kinachopoteza mkono mara nyingi ni kusubiri. Mgonjwa ambaye maumivu yake yalianza kuzidi saa 4 usiku, akangojea gari la saa 11 alfajiri, amekwisha kupoteza saa 7.

Ishara ya kwanza ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi badala ya kupungua na yasiyotulizwa na dawa. Vidole vikinyooshwa taratibu na mtu mwingine, mgonjwa hulia kwa uchungu. Hufuata ganzi na kuhisi kuchomwachomwa. Mapigo ya damu kuwapo kwenye kifundo cha mkono si kinga, kwani mshipa mkubwa huweza kupitisha damu wakati midogo imekwisha kubanwa.

Ishara hizo zikitokea, vifungo vyote vilegezwe mara moja hadi ngozi ionekane, na mkono uwekwe usawa wa moyo, usining'inizwe juu. Usikandwe wala usifungwe upya. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Aliyefungwa plasta arudi hospitali ili ipasuliwe.

Iwapo mgandamizo haupungui, daktari hupasua ngozi na utando ili misuli ipate nafasi. Jeraha huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kufungwa. Upasuaji huo huacha kovu kubwa, lakini ukifanywa mapema huokoa mkono.

Wazee wengi humhimiza mgonjwa avumilie, wakiamini kuwa maumivu ni dalili ya mfupa kuunga. Kwa mfupa uliofungwa vyema, maumivu hupungua. Yakizidi, ndiyo saa ya kutafuta gari.