Kutia Sahihi na Kukubali: Mpigakura wa Busia na Malaba Mbele ya Fomu ya Marekebisho ya Katiba

Katika Kiswahili, neno "sahihi" hubeba maana mbili. Kwanza, ni sifa ya jambo lisilo na kosa. Pili, ni alama ya mkono anayoiandika mtu ili kuthibitisha ridhaa yake. Maana zote mbili zinatokana na shina moja la Kiarabu. Kwa hiyo, kwa mantiki ya lugha, atiaye sahihi hutamka kwamba jambo lililoandikwa ni sahihi. Makala haya yanafafanua uzito wa tendo hilo kwa mpigakura wa Busia na Malaba anapoletewa fomu ya kuunga mkono marekebisho ya Katiba.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 257 cha Katiba ya Kenya ya 2010, wananchi wanaweza kupendekeza marekebisho iwapo wapigakura waliosajiliwa wasiopungua 1,000,000 watayaunga mkono kwa sahihi zao. Tume ya uchaguzi (IEBC) huzihakiki sahihi hizo, kisha mswada hupelekwa kwa mabunge ya kaunti, ambayo hupewa miezi mitatu kuamua. Yakiuidhinisha mabunge yasiyopungua 24 kati ya 47, mswada huingia Bungeni, na baadhi ya masuala huhitaji kura ya maamuzi. Ng'ambo ya mpaka mambo ni tofauti. Nchini Uganda, ukomo wa mihula ya rais uliondolewa na Bunge mwaka 2005, na ukomo wa umri mwaka 2017. Mteso wa Malaba na jamaa yake wa Tororo wanashiriki lugha na nasaba, lakini ni yule wa Malaba pekee anayeweza kuletewa fomu hii.

Njia hii imejaribiwa mara kadhaa. Mwaka 2016, mpango wa Okoa Kenya ulikwama IEBC ilipotangaza kwamba sahihi halali zilikuwa 891,598 tu. Mwaka 2019, Punguza Mizigo ulivuka kiwango kwa sahihi 1,222,541, ila ukakataliwa na mabunge mengi ya kaunti. Mpango wa BBI, uliokusanya sahihi kuanzia Novemba 2020, ulifika hadi Bungeni kabla ya kusimamishwa na mahakama.

Je, mpigakura wa mpakani alikuwa na nini cha kupima? Punguza Mizigo ulipendekeza wabunge na maseneta wapunguzwe kutoka 416 hadi 147, na kila kaunti iwakilishwe katika Bunge la Taifa na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kaunti ya Busia ina maeneobunge saba, na mawili kati yake, Teso Kaskazini na Teso Kusini, ndiyo ngome ya Wateso katika kaunti yenye Waluhya wengi. Mkazi wa Malaba aliyechoshwa na gharama za wabunge angefurahia upungufu huo, lakini papo hapo angepoteza kiti cha Teso Kaskazini. BBI nao uliahidi kaunti mgao usiopungua asilimia 35 ya mapato ya taifa badala ya 15, lakini katika mswada uo huo mlikuwamo cheo cha waziri mkuu na maeneobunge mapya 70. Fomu haina nafasi ya kukubali nusu na kukataa nusu.

Wapo wanaosema kwamba kutia sahihi si kupiga kura, bali ni kufungua mlango ili umma uamue baadaye. Hoja hii ina ukweli, lakini ina pengo. Si kila mswada hufika kwenye kura ya maamuzi, na sahihi ikishahesabiwa, hatua zinazofuata zimo mikononi mwa madiwani na wabunge. Aidha, Katiba inataja sahihi za kuunga mkono, si za kuruhusu mjadala tu.

Suala jingine ni uhakiki. Januari 2021 IEBC ilipochapisha orodha ya waliounga mkono BBI, baadhi ya Wakenya walilalamika kuona majina yao ilhali hawakutia sahihi. Tume haikuwa na hifadhi ya sahihi za wapigakura za kulinganishia. Jambo hili linawagusa watu wa mpakani kwa namna ya pekee, kwani kitambulisho chao huonyeshwa forodhani na kwa wakala wa fedha za simu, na namba yake kubaki katika daftari nyingi.

Tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ilihitimisha suala la BBI kwa kuamua, pamoja na mengine, kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia hii ya wananchi. Kwa hiyo, fomu inapofika Busia au Malaba, yafaa mpigakura aulize: Mswada mzima uko wapi, na umeandikwa kwa lugha ninayoielewa? Ni nani aliyeuanzisha? Eneo langu litapata nini, na litapoteza nini? Asiyepata majibu ana haki ya kuirudisha kalamu, kwani Katiba haimlazimishi mtu kutia sahihi. Kuuliza si ujinga.