Kamera ya utumbo mpana: mtu wa Rubavu alipe nini, aulize nini

Anayetoka Gisenyi, wilayani Rubavu, kwenda Kigali kupimwa utumbo mpana kwa kamera hulipa bili mbili. Ya kwanza huandikwa dirishani hospitalini. Ya pili haiandikwi popote: basi kupitia Musanze hadi Nyabugogo, moto (pikipiki ya abiria) hadi hospitalini, kitanda cha usiku mmoja, chakula cha msindikizaji, na siku mbili tatu bila kuuza. Kwa mama anayeuza samaki wadogo wa isambaza, au mchuuzi anayevuka mpaka wa Goma pale Petite Barrière kila asubuhi na beseni la mboga, bili hii ya pili ndiyo nzito, hasa akiwa na mituweli, bima ya afya ya jamii. Ndiyo maana naona hasara kubwa kuliko zote ni kipimo kinachobidi kurudiwa, na karibu nayo kipimo kilichofanywa haraka, kikasomwa kuwa safi, kumbe kimeacha kitu.

Kamera hiyo, kolonoskopi kwa jina la hospitalini, inatafuta polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Vingi havidhuru. Vile vinavyoitwa adenoma ndivyo hasa vinavyoweza kugeuka saratani, na huchukua miaka, mara nyingi kumi au zaidi. Daktari akikiona kinyama hukikata papo hapo, na saratani ambayo ingekuja haiji tena. Asipokiona, umelipa na kinyama umerudi nacho nyumbani. Watu waliopimwa mara mbili siku moja, katika tafiti za kulinganisha, wameonyesha kwamba adenoma moja hivi katika kila nne hupitwa mara ya kwanza, hasa ndogo.

Tofauti kati ya daktari na daktari ni kubwa. Mwaka 2010 watafiti wa Poland walichapisha hesabu za watu zaidi ya 45,000: waliopimwa na madaktari wanaogundua adenoma kwa chini ya asilimia 20 ya wagonjwa wao walipata saratani baadaye mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2014 hesabu nyingine kutoka California, ya vipimo zaidi ya 314,000, ilikuta madaktari wanaogundua kwa asilimia 7 tu na wengine kwa zaidi ya asilimia 52. Kila asilimia moja iliyoongezeka ilikwenda pamoja na kupungua kwa asilimia 3 ya hatari ya saratani baada ya kipimo. Basi mashine inaweza kuwa ileile na bei ileile, mkono na subira vikawa tofauti.

Tuanze na nani analipa. Chukua bili ya mfano ya faranga 100,000, kwa kurahisisha hesabu tu. Mwenye mituweli aliyefuata ngazi, yaani kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya ya Gisenyi, kisha hospitali ya rufaa, hulipa asilimia 10, faranga 10,000. Mwenye RAMA, bima ya waajiriwa, hulipa asilimia 15, faranga 15,000. Asiye na bima, awe Mnyarwanda au jirani kutoka Goma, hulipa zote. Aliye na mituweli lakini akaruka ngazi na kwenda kliniki binafsi Kigali naye hulipa zote, na hapa ndipo wengi wanapoumia: wanaogopa foleni ya transferi (barua ya rufaa), wanauza mbuzi, halafu kliniki inawaandikia warudi hospitali ya rufaa kwa sababu kinyama ni kikubwa. Kwa miaka mingi wengi wetu tumelipa mituweli faranga 3,000 kwa kichwa, na mwaka wake unaanza 1 Julai. Hakikisha familia nzima imelipiwa kabla ya kuomba transferi, maana deni la mtoto mmoja linaweza kukuzuia wewe.

Kwenye bili yenyewe kuna mistari ambayo mtu haulizi mpaka aione: kipimo, dawa ya usingizi, kukata kinyama kikipatikana, na maabara ya kuchunguza kilichokatwa. Bei ya kwanza unayotajiwa kwa simu kwa kawaida ni ya mstari wa kwanza. Uliza minne yote. Kipimo cha bei ya chini kisichoweza kukata kinyama siku hiyohiyo ni ghali kwa mtu wa Rubavu, kwa kuwa atalipa basi, kitanda na dawa ya kusafisha tumbo mara ya pili.

Sasa njia za kupima. Tangu zamani daktari hupuliza hewa ili utumbo ufunguke aone mbele. Hewa hiyo hiyo huurefusha utumbo na kuzikaza kona zake, na maumivu mengi hutoka hapo. Njia ya pili ni kabonidayoksaidi. Mwili huifyonza haraka kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo tumbo halibaki limejaa baada ya kipimo, lakini hospitali inahitaji mashine yake na mtungi wa gesi. Njia ya tatu ni maji. Daktari huzima hewa anapopanda, akaingiza maji ya vuguvugu badala yake. Mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, na uzito wa maji huulaza utumbo wa upande huo, kona zikalegea, kamera ikapita bila kusukumwa kwa nguvu.

Njia ya maji ina namna mbili, na mgonjwa afadhali azijue kwa sababu hazileti faida ileile. Ya kwanza ni ya kuzamisha: maji huingia wakati wa kupanda na hunyonywa wakati wa kurudi. Hupunguza maumivu. Ya pili ni ya kubadilishana: maji yakichafuka hunyonywa palepale na mengine safi huingizwa, pamoja na kuondoa hewa iliyobaki ndani, hadi kamera ifike mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo. Wakati wa kurudi hewa au gesi hutumika kuufungua ukuta ili ukaguliwe. Daktari Felix Leung wa hospitali ya maveterani ya Sepulveda, Los Angeles, ndiye aliyeisukuma sana namna hii, na majaribio ya kulinganisha yamefanywa Marekani, Italia na Taiwan. Kubadilishana maji kumetoka mbele ya hewa kwa mambo mawili: maumivu hupungua zaidi, na adenoma hugunduliwa zaidi, zikiwemo za upande wa kulia, ambako vinyama bapa hujificha chini ya uchafu na kamasi. Daktari anapofika mwisho wa safari, utumbo umekwisha kuoshwa.

Gharama yake ni dakika. Kupanda huchukua muda zaidi kidogo kuliko kwa hewa, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaweza kusita. Vifaa ni maji safi yasiyo na vijidudu, mara nyingi lita moja au mbili, na pampu ambayo vyumba vingi vya kamera huwa nayo kwa kuoshea. Ukikuta kliniki imeyapa maji mstari wake wa bei kana kwamba ni teknolojia mpya, uliza mstari huo ni wa nini. Hata hivyo simshauri mgonjwa kumlazimisha daktari asiyeizoea njia hii. Mkono uliozoea hewa na unaokagua polepole ni salama kuliko mkono unaojaribu maji kwa mara ya kwanza juu yako.

Kwetu sisi wa mbali, faida kubwa ya maji iko kwenye dawa ya usingizi. Ukipewa dawa hiyo, hata iwe nyepesi, huruhusiwi kuendesha gari wala moto hadi kesho yake, na lazima uwe na mtu mzima wa kukusindikiza. Ukipewa propofol pamoja na mtaalamu wa usingizi, bili inapanda tena. Kwa kuwa maji hupunguza maumivu, watu wengi wameweza kumaliza kipimo bila dawa yoyote, au wakaanza bila dawa huku sindano ikisubiri kama watahitaji. Aliyepimwa bila dawa hukaa kidogo, hunywa chai, huzungumza na daktari akiwa na akili timamu, kisha hupanda basi la Gisenyi mchana uleule. Hapo umeokoa nauli ya mtu wa pili, usiku wa pili, na pengine siku yake ya kazi pia. Si kila mtu aifuate njia hii. Mwenye hofu kubwa, mwenye makovu ya upasuaji wa tumbo, au anayejulikana kuwa na kinyama kikubwa, alipe dawa bila kujilaumu.

Linalobaki ni kusafisha tumbo, na kwa maoni yangu hapa ndipo pesa ya mtu wa Rubavu hupotea au hupona. Siku mbili tatu kabla, acha maharage, mahindi, isombe (kisamvu), dodo (mchicha), na matunda yenye mbegu kama marakuja na nyanya za mti. Mbegu huweza kuziba kamera. Kula wali mweupe, mayai, samaki, viazi vilivyomenywa. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu, chai ya rangi na mchuzi uliochujwa, na hakuna kinywaji chekundu, kinachoweza kudhaniwa damu. Dawa ya kuharisha husafisha vizuri zaidi ikigawanywa: nusu jioni, nusu nyingine ikibaki muda wa saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Ukipangiwa saa nne asubuhi katika hospitali ya CHUK, Kigali, nusu ya pili unaianza kama saa kumi na moja alfajiri. Basi kutoka Gisenyi ni kama saa tatu barabarani. Hakuna anayeweza kukaa kwenye kiti cha basi katika hali hiyo.

Wengine hukwepa kitanda cha Kigali kwa kunywa dawa yote jioni nyumbani na kupanda basi la alfajiri. Inawezekana, lakini usiku kucha nyongo na kamasi hushuka tena na kuufunika upande wa kulia, na daktari anaweza kuandika kwamba hakuona vizuri, urudi. Kitanda cha usiku mmoja, au godoro kwa ndugu Nyamirambo, ni nafuu kuliko safari ya pili. Kubadilishana maji huweza kuokoa tumbo lililosafishwa nusunusu, lakini usipange kulitegemea hilo. Wanaotumia dawa za kisukari au za kuyeyusha damu wamwambie daktari mapema, si siku ya kipimo.

Vifaa vingine vipo sokoni. Kofia ndogo ya plastiki mbele ya kamera ni rahisi na husaidia kuona nyuma ya mikunjo. Rangi ya kunyunyiza ukutani husaidia pia, ila huchukua muda. Programu za akili bandia zinazoonyesha kinyama kwenye skrini huongeza ugunduzi, hasa wa vidogo, lakini mashine zake ni ghali na gharama hiyo mwishowe hubebwa na mgonjwa au bima yake. Kati ya kliniki yenye skrini hiyo na daktari anayetumia dakika sita hadi nane au zaidi kukagua wakati wa kurudi, ningemchagua daktari.

Na asiye na dalili yoyote? Huyo ana njia ya bei ndogo zaidi: kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kile cha kisasa ambacho hakichanganywi na nyama uliyokula. Hufanywa kila mwaka, na kila kikifanywa hukamata saratani karibu nane katika kila kumi, ingawa polipu nyingi hukipita. Kikionyesha damu, kamera inafuata. Kukirudia kipimo cha choo ukitumaini jibu jingine ni kupoteza muda. Mwenye dalili asianzie hapo. Damu kwenye haja kubwa, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, upungufu wa damu kwa mwanamume au mama aliyekoma hedhi: hawa wanahitaji transferi ya kamera. Ni kweli damu inaweza kutoka kwa bawasiri, amiba au kichocho, na daktari ataviangalia. Kinachonisikitisha ni watu wanaotibiwa bawasiri kwa majani mwaka mzima bila mtu yeyote kuwatazama ndani.

Kabla ya kuondoka hospitalini dai karatasi, na isome pale pale mbele ya daktari. Iwe imeandikwa kama kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, na usafi ulipewa alama gani; kipimo cha Boston hutoa alama 0 hadi 3 kwa kila sehemu ya utumbo, na kila moja ikipata 2 au zaidi, tumbo lilikuwa safi vya kutosha. Iwe imetaja polipu ngapi, za ukubwa gani, zimepelekwa maabara gani, na majibu yatafuatwaje na mtu anayeishi Gisenyi. Karatasi hiyo ndiyo inayopanga gharama zako zijazo. Kipimo kizuri kisichoonyesha kitu, kwa mtu asiye na historia ya saratani hii katika familia, kwa kawaida kinatosha miaka 10. Adenoma moja au mbili ndogo hukurudisha baada ya miaka 7 hadi 10 kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, na yenye milimita 10 au zaidi baada ya miaka 3. Tumbo lililokuwa chafu hukurudisha ndani ya mwaka. Piga nakala, moja ibaki kituo cha afya, nyingine nyumbani pamoja na kadi ya mituweli.