Kutu ya Mishipa na Vidonge vya Vitamini

Sisi wakaazi wa pwani tunaijua kutu. Dirisha la chuma linalotazama bahari huliwa na hewa na chumvi mpaka likamomonyoka. Ndani ya mishipa yetu ya damu nako hutokea mfano wa kutu hiyo.

Protini za mwili zimetungwa kwa asidi amino, kama shanga katika uzi. Kolesteroli inaponasa ukutani mwa mshipa, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hukusanyika hapo. Silaha zao ni kali: chembe huru, ambazo hupora elektroni kwa jirani yeyote, na asidi iliyo jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Silaha hizo zimeumbwa kuua vijidudu, lakini hapo huwaunguza wenyeji. Mwaka 1997 Stanley Hazen na Jay Heinecke wa Marekani walieleza kwamba katika mishipa iliyougua wamekuta tairosini, mojawapo ya shanga zile, imeshikwa na klorini. Ni alama ya silaha ile ile. Uvimbe hukua kimya kimya. Siku ukipasuka damu huganda, na moyo au ubongo hukosa riziki yake.

Hapo ndipo wauza vidonge wanapopata maneno. Hugonga milango wakinadi vitamini E kuwa husafisha mishipa. Twamjua mama mmoja wa mtaani kwetu aliyewaamini, akaacha dawa zake za presha. Leo amelala upande mmoja kwa kiharusi, na bintiye ndiye amlishaye.

Dai hilo lilikwisha kupimwa. Katika utafiti uitwao HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 walifuatiliwa kwa miaka minne na ushei. Waliopewa vitamini E hawakupungukiwa na maradhi ya moyo wala kiharusi. Lakini waliopewa ramipril, dawa ya presha, walipungukiwa.

Kutu ni kweli, ila kidonge hicho si tiba yake. Dada zetu, tuihifadhi amana ya mwili: tuache tumbaku, tupunguze chumvi na mafuta, tupime presha na sukari. Na dawa ya daktari isiachwe kwa neno la mpita njia.