Pikipiki Kuukuu Zafufuliwa Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mtu apitaye siku ya Jumapili asubuhi katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni mpaka Jericho, Buruburu na Umoja, hatakosa kusikia mlio wa pikipiki. Hilo si jambo la ajabu, kwa maana pikipiki za abiria zimejaa katika kila njia panda. Lakini mara moja moja husikika mlio wa namna nyingine, mwembamba na wa pole, kama cherehani ifanyayo kazi katika chumba cha pili. Mzee aliyeketi barazani huinua kichwa chake. Mlio huo anaujua. Aliusikia zamani, wakati bwana shamba alipokuwa akija kukagua mibuni, au mwalimu mkuu alipokuwa akirudi jioni kutoka mjini na mkoba wake umefungwa nyuma ya kiti.

Mlio huo ni wa Honda ndogo ya miaka mingi iliyopita, nayo haikuja barabarani kwa bahati. Yuko mtu aliyeitoa ghalani, akaifungua nati moja moja, akaisafisha, akaiunga tena. Watu wa namna hiyo si wengi, wala hawana utajiri. Wengine ni mafundi, wengine makarani, wengine ni vijana waliomaliza shule na wanaosaidia katika gereji. Kazi hii huwafanya wakose usingizi na kutumia fedha ambazo wake zao wangezitumia kwa jambo jingine. Hata hivyo hawaiachi.

ZILIKOTOKA

Pikipiki hizi ndogo zina ukoo, na ukoo huo wafaa kujulikana. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, Uingereza, kilianza kuuza Bantam mwaka wa 1948. Injini yake ilikuwa ya mapigo mawili, yenye sentimita za ujazo 123 tu. Ramani yake haikuchorwa na Waingereza. Ilikuwa ya pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125, nayo ilitwaliwa baada ya vita kuwa sehemu ya malipo ya walioshindwa. Harley-Davidson wa Marekani waliitumia ramani hiyo hiyo, na Warusi pia. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, iliyotoka mwaka wa 1955, ilifuata mfano huo. Basi mtu aliye na Bantam uani ana nduguye Moskva na mwingine Japani.

Wataliano nao, ambao kiwanda chao cha Piaggio kilikuwa kikiunda ndege, waligeukia Vespa mwaka wa 1946. Pikipiki hiyo yapendeza macho, lakini mwili wake wote ni bati, na bati likishaliwa na kutu fundi hana la kushika.

Iliyoshinda zote ni Honda Super Cub. Ilianza kuuzwa Agosti 1958, ikiwa na injini ya mapigo manne ya sentimita za ujazo 49. Yasemekana kwamba Bwana Takeo Fujisawa, mshirika wa Bwana Soichiro Honda, alitaka pikipiki ambayo kijana apelekaye chakula majumbani aweza kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umebeba sinia. Ndiyo sababu haina mkono wa klachi. Dereva hukanyaga gia kwa mguu, klachi ikajifungua yenyewe. Ina kinga ya plastiki mbele ya miguu, hata mtu aliyevaa suruali ya kazi ya ofisi hakuchafuka kwa matope. Kufikia mwaka wa 2017 Super Cub zilizoundwa zilikuwa zimetimia milioni 100, na hakuna chombo kingine chenye injini kilichofikia hesabu hiyo.

Tena kuna Honda CG125 ya mwaka wa 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamezunguka katika nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo kuliko kiasi na hubadilishwa oili pale tu mwenyewe akumbukapo. Walipoona hayo, hawakuwahubiria watu. Waliunda injini ivumiliayo. Waliacha mtindo wa cheni ya ndani ya kuendesha vali, wakarudia fito za zamani. Injini hiyo iliigwa baadaye na viwanda vingi vya China, na baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya thamani mwaka wa 2008 kwa pikipiki zisizofikia sentimita za ujazo 250, wajukuu wake walimiminika nchini na kuwa bodaboda. Jambo hili lina faida kubwa kwa mtu mwenye CG ya zamani. Vipuri vyake vingi vyaweza kupatikana leo katika duka lolote la vipuri vya bodaboda, ijapokuwa pikipiki yenyewe ina umri wa kumshinda mwuzaji.

KAZI YENYEWE

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni haraka. Pikipiki iliyolala miaka 20 katika ghala la mahindi huwa pistoni yake imeshikana na silinda kwa kutu. Kijana mwenye nguvu hupanda juu na kuikanyaga kiki kwa uzito wake wote, na hapo huvunja kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Fundi mzoefu hutoa plagi, akamimina oili nyepesi katika tundu lake, akaifunika pikipiki na kwenda zake. Hurudi kesho akaongeza oili. Hurudi keshokutwa. Siku ya nne au ya tano huligeuza gurudumu la nyuma taratibu, gia ikiwa imeingizwa, na pistoni ikisogea hata kwa unene wa ukucha hutabasamu, maana sasa ajua kwamba silinda yaweza kuokolewa.

Kabureta huoshwa kwa petroli katika kopo. Vitundu vyake ni vyembamba mno, na hapana ruhusa kuvizibua kwa waya wa chuma. Wafaa uzi mmoja wa shaba uliochunwa katika waya wa umeme, kwa kuwa shaba ni laini na haipanui tundu. Tangi la mafuta lenye kutu hutiwa kokoto ndogo au nati kuukuu, likatikiswa hata mikono ichoke, likamwagwa, likatikiswa tena. Watoto wa jirani hupenda sana kazi hii, na fundi mwerevu huwaachia.

Umeme ndio huwachosha wengi. Pikipiki nyingi za zamani zilitumia volti 6, na taa zake hata zilipokuwa mpya hazikuangaza zaidi ya kandili nzuri. Cheche zake hukatwa na pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga kila injini izungukapo. Pikipiki za leo hazina kitu hicho. Kijana aliyejifunza kazi kwa bodaboda tu aweza kubadili injini nzima kwa mchana mmoja, lakini ukimwonyesha pointi hajui aanzie wapi. Wazee wajuao kuzisugua na kuzipima nafasi yake kwa kipande cha karatasi ngumu wamebaki wachache, tena macho yao hayaoni vyema jioni. Mwanafunzi atakaye kujifunza huja mchana.

Kwa vitu visivyopatikana dukani, mitaa ya mashariki haina mfano. Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan, ina maduka ya vipuri yaliyopangana. Kariobangi kuna mafundi wa kerezo ambao wakipewa kipande kilichokwisha watakereza kingine. Kamukunji wako wafua bati waliozoea kutengeneza masanduku ya wanafunzi, karai na majiko; matigadi iliyooza hunyoshwa hapo au huundwa upya kwa nyundo. Mafundi hao ndio waliotembelewa na Rais Moi mwaka wa 1985, naye akaahidi kuwajengea vivuli, kwa maana walikuwa wakifanya kazi katika jua kali, jina ambalo limewaganda hata walio chini ya paa. Mtu aingiapo Kamukunji na matigadi ya mwaka wa 1965 mkononi hahitaji kueleza sana. Mfua bati huigeuzageuza, huipiga kwa kidole asikie mlio wake, kisha hutaja bei. Bei hiyo si ya mwisho.

ASILI AU MAPAMBO?

Hapa ndipo penye mabishano, na barazani husikika sauti kubwa kuliko injini. Kundi moja hushika kwamba pikipiki irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, hata rangi iwe ile ile. Watu hawa huangalia maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, ambamo magari na pikipiki hukaguliwa mpaka chini ya matigadi, na alama hupunguzwa kwa ajili ya tone la oili.

Kundi la pili limekulia penye matatu. Kijana wa Buruburu au Umoja ameona tangu utotoni mabasi yaliyochorwa kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, naye haoni sababu ya Honda yake kuwa ya rangi moja kama sare ya shule. Hukata kiti kikawa kifupi, hushusha usukani, huondoa kinga ya miguu, hupaka rangi mbili zinazong'aa. Wengine huenda mbali zaidi: huing'oa injini ya sentimita 50 na kuweka ya Kichina ya 110, ambayo mara nyingi hukaa katika matundu yale yale ya bolti kana kwamba ilizaliwa hapo. Pikipiki hiyo hupanda mlima bila kuugua, na umeme wake ni wa volti 12. Nani atamlaumu?

Lawama iko, lakini si juu ya rangi. Rangi hubanduliwa kwa msasa, na mapambo yaliyofungwa kwa nati hufunguliwa kwa nati. Ubaya huanza pale kijana achukuapo msumeno na kuukata mwili wa pikipiki ili ufanane na picha aliyoiona. Hapo nguvu ya chombo hupungua mahali ambapo dereva hapaoni, naye hupata habari zake barabarani. Hata ekzosi iliyotobolewa ili ipige kelele haina sifa. Injini ndogo hupoteza nguvu, majirani hupoteza usingizi, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinamkabili mwenyewe.

Injini ngeni ina taabu nyingine. Namba yake haiafikiani na ile iliyoandikwa katika kitabu cha usajili, na mabadiliko ya namna hiyo sharti yaarifiwe kwa wenye mamlaka, pikipiki ikaguliwe, karatasi zirekebishwe. Wengi hupuuza, mpaka siku polisi akipiga magoti na kusoma namba kwa tochi.

KARATASI NA KILO

Tena mara nyingi kitabu chenyewe kiko kwa jina la marehemu. Chukua mfano wa kijana ambaye baba yake alikuwa mwuguzi, akanunua Honda C70 kwa mkopo, akaiendesha hata alipostaafu, kisha akafariki. Pikipiki imebaki nyumbani mashambani, kuku hutagia juu ya kiti chake. Kijana ataka kuileta Nairobi. Ndugu zake wasema iuzwe kwa vyuma chakavu, wagawane. Mama hasemi neno, lakini haruhusu mtu kuwafukuza kuku. Na hata wote wakikubaliana, haiwezi kuandikwa kwa jina jipya pasipo hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, na gharama ya kufuatia hati hiyo yaweza kupita thamani ya chombo. Hapo ndipo wengi huacha.

Mwenye mizani haulizi hati ya urithi kwa upole huo. Mwezi wa Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa na wezi. Marufuku ikaondolewa Mei mwaka ule ule, na wafanyabiashara wakafungwa kwa masharti ya leseni. Masharti hayo yalikusudiwa kulinda mali ya umma. Hayakuandikwa kwa ajili ya Honda ya mwuguzi, ambayo mwenyewe aweza kuiuza kwa hiari yake. Ikishapimwa kwa kilo, silinda huenda upande wa aluminiamu na mwili upande wa chuma, na fundi wa pointi aliye Shauri Moyo hatapata kuiona.

Kwa sababu hiyo wapendao kazi hii wamejifunza kuuliza mapema. Wakienda mazishini au arusini mashambani, hawakosi kuzunguka nyuma ya ghala. Wengine wamefanya hesabu wakaona bora kununua pikipiki mbili mbovu za aina moja, ili ya pili iwe duka la vipuri la ile ya kwanza. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haina budi kufanywa kabla mke hajaona ya pili ikishushwa kutoka juu ya basi.

Pikipiki ikiwa tayari, bima imekatwa na kofia ya chuma iko kichwani, saa ya kuijaribu ni alfajiri ya Jumapili, katika Barabara ya Jogoo, kabla malori hayajaamka. Dereva hufungua petroli, huvuta kizibo cha hewa, hukanyaga kiki mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Injini ikishika, hangojei shangwe. Huondoka polepole kuelekea Makadara, asizidishe mwendo wa maili 30, huku akisikiliza kila mlio chini ya magoti yake. Na akifika njia panda ya Barabara ya Rabai husimama kando, akainama, akatazama kama oili inavuja.