Walokole na kazi ya kudumu katika wokovu

Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia pamoja wakitafuta imani yenye uhai kuliko ile ya mazoea. Ndani ya miaka kumi uamsho ulikuwa umefika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakajulikana kama walokole, yaani waliookoka, jina walilopewa mara nyingi kwa kejeli.

Siku za mwanzo zilijaa vilio, ndoto na watu kutetemeka makanisani. Mambo ya namna hiyo hayakai, na hayakukaa. Kilichokaa ni ushirika: kikao cha kila juma cha ndugu wachache, nyumbani kwa mmoja wao au kwenye kona ya kanisa. Kila mmoja alieleza jinsi alivyoenenda na Yesu tangu walipoachana. Kutaja mwaka aliookoka hakukutosha. Ndugu walitaka habari za juma hilo. Aliyemfokea mkewe, aliyepunja sokoni, aliyemwonea mwenzake wivu, alisema wazi, akaombewa, kisha wote wakaimba wimbo wa Tukutendereza. Huko ndiko walikoita kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Aliyeanza kukwepa kikao alifuatwa kwake kabla hajapoa kabisa.

Toba iligusa mfuko pia. Aliyeiba alirudisha alichoiba, hata kama mwenye mali alikwisha kusahau. Iligusa na heshima: wamisionari wazungu waliungama dharau yao mbele ya Waafrika, jambo zito katika enzi ya ukoloni.

Uwazi huo haukumpendeza kila mtu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri. Wengi wa walokole hata hivyo hawakuondoka kwenda kuanzisha dhehebu lao. Walibaki ndani ya makanisa yaliyowachoka, na baadaye baadhi yao wakawa maaskofu wake.

Katika miaka ya 1950, huko Kenya, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili, na wapo waliouawa. Nchini Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977 akiwa askofu mkuu wa Kianglikana. Askofu Festo Kivengere, mlokole mwenzake, alikimbilia uhamishoni na kuandika kitabu kuhusu kumpenda Amin. Msamaha wa aina hiyo haukuzuka siku ya msiba; ulikuwa umezoezwa kwa miaka katika vikao vidogo, kwa makosa madogo.

Lakini zoezi hilo lilikuwa na upungufu wake. Ushirika ulijua kuungama uongo, wizi na uzinzi wa mtu mmoja mmoja. Dhambi za kabila zima au za dola zilipita pembeni kwa urahisi zaidi. Wapo walokole waliovuka mpaka wa Mhutu na Mtutsi kwa gharama ya maisha yao, na bado katika nchi ulikoanzia uamsho, mauaji ya kimbari ya 1994 yalifanyika hata ndani ya makanisa. Upungufu mwingine ni sheria. Mahali fulani bidii iligeuka orodha ya makatazo, kuhusu mavazi, mapambo au mikopo, na katika miaka ya 1970 mabishano ya namna hiyo yaliwagawa walokole wa Uganda. Ungamo lenyewe nalo linaweza kuwa mazoea, maneno yale yale yakirudiwa kila juma bila aibu wala badiliko. Ndiyo sababu wazee wa ushirika walimkatiza mtu aliyesimulia dhambi zake kwa madaha.

Vikao hivyo vingali vinaendelea katika sharika za Kianglikana na Kilutheri, kuanzia Kigezi nchini Uganda hadi Kagera nchini Tanzania, ingawa vijana wengi wamevutwa na makanisa ya Kipentekoste.