Motokari nzuri ya milango miwili: na mama anaingilia wapi?

Wengi wenu mliniuliza habari za safari yangu ya Ubelgiji. Nilikwenda kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua kwa kupasuliwa, nikakaa kwao Bruxelles miezi mitatu. Mtoto ni mzima, mama yake ni mzima, Mungu asifiwe. Lakini leo sitawaandikia juu ya mtoto. Nitawaandikia juu ya motokari, kwa maana nyumba ile ilikuwa na ubishi mmoja tu, na ubishi huo ulitaka kufika mpaka kwetu Lubumbashi.

Shemeji yangu ana BMW 320d Coupé. Kaka yake, anayekaa mtaa wa pili, ana Audi A5 2.0 TDI. Zote mbili ni za mazutu, zote mbili zina milango miwili tu na mgongo ulioinama kama wa samaki. Wafaransa wanaziita kwa jina ambalo masikioni mwetu ni kupe, yule mdudu anayenyonya ng'ombe. Mtaona huko mbele kama jina linazifaa. Ndugu hao wawili walikubaliana kwamba moja itumwe nyumbani kwa mama yetu, ipeleke wajukuu masomo, impeleke mama hospitali na sokoni. Nyingine ibaki kwao. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na mama, nikaambiwa: dada, chagua.

Kwa nini walitaka kuziondoa? Tangu 2018, Bruxelles ina sheria ya hewa safi: motokari zenye moshi mwingi haziruhusiwi kutembea mjini. Za mazutu za daraja la Euro 4 zilifungiwa mwaka 2022. Daraja la Euro 5, ambalo ndilo la hizi mbili, lilipangwa kufuata 2025, bunge la mji likasogeza tarehe mbele, mabishano yakaenda hadi mahakamani. Mwenye motokari ya namna hiyo halali vizuri. Ukitembea mtaa wa Heyvaert, karibu na machinjio ya Anderlecht, unaziona zimepangwa moja nyuma ya nyingine zikingoja kupelekwa bandari ya Antwerpen, na kutoka pale Afrika. Sisi ndio mwisho wa safari yao.

Basi tulifanya jambo la akili. Wale ndugu wawili walibadilishana motokari kwa juma moja, na mimi nikapanda zote mbili kila siku pamoja na mdogo wangu, mtoto wake wa miaka mitano na mchanga.

Uzuri wake siwezi kuukana. BMW ile ilianza kutoka mwaka 2006, Audi ilionyeshwa Geneva mwaka 2007, na mchoraji wake, Mwitaliano Walter de Silva, aliwahi kusema kwamba ndiyo motokari nzuri kuliko zote alizochora. Namwamini. Asubuhi nikiiona imesimama chini ya dirisha nilikuwa natamani kuvaa kitambaa changu kizuri kwa ajili yake tu.

Lakini ngojeni saa ya kwenda masomo.

Kwanza mlango. Kwa sababu milango ni miwili, kila mmoja ni mrefu na mzito. Ukiegesha katikati ya motokari mbili nyingine, haufunguki wote, unafunguka nusu. Unavuta kiti cha mbele, kinalala, unaingiza kichwa na mabega, unajipinda, ndipo unafunga mkanda wa mtoto. Ubelgiji mtoto asiyefika sentimeta 135 lazima akae kwenye kiti chake maalumu, hakuna mzaha. Mtoto wa miaka mitano anajipandia mwenyewe na kucheka. Mchanga hajipandishi. Kiti chake pamoja na yeye mwenyewe ni mzigo, na mzigo huo unauinua mikono ikiwa imenyooka mbele, mgongo umeinama, juu ya kiti kilicholala. Mdogo wangu alikuwa na jeraha la tumbo la majuma matatu. Daktari alimkataza kuinua kitu kizito. Siku ya kwanza alijaribu mwenyewe, nikaona uso wake unabadilika, nikamwondoa pale. Tangu siku hiyo ni mimi niliyeinama, na nina miaka hamsini na tatu.

Hapo hakuna BMW wala Audi. Zote ni sawa, zote ni mbaya. Vioo vya nyuma havifunguki katika yoyote kati ya hizo mbili, basi mtoto akisikia kichefuchefu hana upepo wa karibu. Kwenye BMW kuna mkono mdogo wa umeme unaotoka ukutani kumletea wa mbele mkanda wake, kwa kuwa uko mbali sana nyuma. Kitu hicho kilinifurahisha. Nikajiuliza kwa nini hawakuweka na mkono wa kumletea mama mtoto wake.

Kisha viti. Nyuma ni viti viwili tu, na katikati yake hakuna mahali pa kukaa mtu. Hesabu ni rahisi: baba, mama, mtoto, mchanga. Wanne. Siku ya Jumapili walipokwenda kanisani, mimi niliyetoka Lubumbashi kuwasaidia nilipanda tramu. Sikukasirika, tramu ya Bruxelles ni nzuri. Lakini niliwaza juu ya nyumba yetu ya Katuba. Ni siku gani motokari yetu imewahi kutoka na watu wanne?

Kofre ndiyo ilinishangaza kwa uzuri. Audi ina lita 455, BMW 440. Tofauti ni kama ndoo moja ya maji. Kigari cha mtoto kinaingia, na mifuko ya soko inaingia kando yake. Kwa vitu, motokari hizi ni za familia. Ni kwa watu tu ambapo si za familia.

Shemeji alitaka nizungumze juu ya injini, kwa sababu wanaume wakishindwa juu ya viti wanakimbilia injini. Haya. Zote mbili ni za lita 2. BMW yake ina nguvu za farasi kama 180, Audi 170. Vitabu vya viwanda vinasema zinakula karibu lita 5 kwa kilometa 100. Mjini zinakula zaidi, lakini kweli ni kidogo kwa motokari ya namna ile. BMW inasukumwa na pine za nyuma, Audi hiyo inavutwa na za mbele. Kwenye mvua na matope ningependa za mbele, kwa sababu uzito wa injini unakaa juu yake na pine hazitelezi upesi.

Kila moja ina aibu yake inayojulikana. Injini ya BMW ya miaka ile, kuanzia 2007, ilijulikana kwa mnyororo wa ndani unaochakaa kabla ya wakati. Ubaya ni kwamba waliuweka nyuma ya injini, upande wa giaboksi, hivyo kuubadilisha ni kufungua karibu kila kitu. Ukikatika, injini imekwisha. Mkipewa motokari hiyo, iwasheni asubuhi ikiwa baridi, msikilize kelele za chuma kutoka nyuma ya injini. Audi nayo imo katika ile kesi iliyolipuka Septemba 2015, ambapo kundi la Volkswagen lilikiri kwamba motokari karibu milioni 11 zilikuwa na programu inayotambua kipimo cha moshi na kujifanya safi wakati wa kupimwa tu. Nyingi ziliitwa garaji zirekebishwe. Kwa hiyo mwombeni muuzaji karatasi ya garaji, na asipokuwa nayo jueni mnanunua nini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla, na ambalo nadhani ni kubwa kuliko mengine yote.

Motokari hizi za mazutu zina kichungi ndani ya bomba la moshi. Kinakamata masizi, yale meusi. Kikijaa kinajisafisha chenyewe kwa kuyachoma, lakini lazima joto lifike kama digrii 600, na hilo linataka mwendo wa sawasawa kwa dakika kama ishirini, barabara ndefu bila kusimama. Masomo ya mtoto yako kilometa mbili. Unawasha, unafika, unazima. Jioni vilevile. Kichungi hakipati moto, kinajaa. Katika juma lile taa ya manjano iliwaka kwenye mojawapo ya hizo mbili, sitaji ipi, kwa sababu kosa halikuwa la motokari, lilikuwa la safari fupi. Shemeji alilazimika kuichukua usiku kwenye barabara kubwa kuelekea Liège, akaenda na kurudi bila sababu nyingine yoyote, akichoma mazutu ili achome masizi.

Mkiwaza Lubumbashi mtaelewa. Mwendo wa mama ni Katuba mpaka Kenya, Kenya mpaka mjini, tunasimama, tunasonga, tunasimama. Barabara ya Likasi ingekisafisha kichungi vizuri, lakini nani anakwenda Likasi kila juma? Tena kichungi hicho kilitengenezwa kwa mazutu ya Ulaya ambayo tangu 2009 karibu hayana salfa kabisa. Yale ya chupa kando ya barabara kwa kadhafi, kila mtu anajua rangi yake.

Fundi wetu wa karibu ana dawa: anakikata kichungi, anaunganisha bomba, taa inazimika, unalipa, umekwenda. Motokari inatembea vizuri kweli. Lakini yale masizi sasa yanatoka yote, kwa kimo cha uso wa mtoto aliyebebwa mgongoni anayevuka barabara nyuma yako. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Bruxelles inaufukuza moshi huo. Sikutaka niwe mimi ninayelipa meli ya kuuleta.

Kama mtu angenilazimisha kuchagua moja kati ya hizo mbili, ningechukua Audi: kwa kofre, kwa pine za mbele, na kwa sababu mnyororo ule unanitia hofu. Na ningempa mtu mwenye mtoto mmoja mkubwa na kazi ya kwenda Likasi na kurudi. Audi wenyewe waliona tatizo la mlango, mwaka 2009 wakatoa A5 Sportback yenye milango ya nyuma na kofre ya lita 480. Za mwanzo nazo zilikuwa na viti vinne tu, basi hesabuni mikanda kabla ya kutoa pesa.

Nilimwandikia shemeji kwamba hatuitaki hata moja. Alinyamaza siku mbili, akanipigia simu, akasema mama anakataa zawadi. Mama mwenyewe alichukua simu. Alimwuliza jambo moja tu: goti langu hili litapita wapi? Shemeji akacheka, nasi tukacheka.

Tulipatana hivi: anauza BMW hukohuko, na pesa hiyo tutaongeza zetu za likelemba, tutafute hapa Lubumbashi Toyota ya petroli yenye milango minne, ambayo vipuri vyake viko kwenye kila duka. Juzi aliniambia amepata mnunuzi, kijana asiye na mtoto bado. Nilimwuliza kama alimweleza habari za mnyororo. Akasema simu inakatika.