Namna ya Kushika Kibao cha Pikoboli



Msimu wa baridi wa mwaka huu umetukuta na desturi mpya. Kila Jumamosi, baina ya sala ya Adhuhuri na ya Alasiri, jumuiya yetu hukodi ukumbi wa michezo, na pale ambapo zamani vijana walikuwa wakicheza mpira wa kikapu peke yao, hivi sasa wanaonekana mama zetu na baba zetu, baadhi yao wamepindukia miaka 60, wakicheza pikoboli. Hili si jambo dogo. Tunawajua wazee ambao tangu waingie katika nchi hii ya ugenini safari zao zilikuwa ni msikitini na hospitali tu, na miezi ya theluji ilikuwa ni ya kukaa kitako mbele ya televisheni huku sukari na shinikizo la damu vikipanda.

Lakini tangu mwezi uliopita idadi imeanza kupungua. Tumewapitia nyumbani baadhi ya walioacha kuja tukawauliza sababu, na jawabu limekuwa karibu ni moja kwa wote: kiwiko. Wawili walitaja kifundo cha mkono. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ameuchoka mchezo. Na kwa kuwa ukumbi tumepewa kwa sharti la kuvijaza viwanja vyote vitatu, kila kiwiko kinachobaki nyumbani kina hesabu yake.

Basi tuliketi Jumamosi moja tukawatazama wachezaji mikono tu, bila ya kuufuata mpira. Wengi wanaushika mpini kama abiria aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, maana vitabu vingi vya mchezo huu viko kwa Kiingereza, na wenye kuhitaji maelezo zaidi ndio wasiovisoma.

Kwa wale ambao hawajauona, pikoboli ni mchezo uliozaliwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard na Bill Bell walitaka kuwachezesha watu wa nyumbani mpira wa vinyoya wakakosa vifaa, wakatumia vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu. Jirani yao Barney McCallum akasaidia kuunda vibao vya mbao na kupanga kanuni. Uwanja wake una futi 44 kwa futi 20, sawasawa na ule wa vinyoya wa wachezaji wanne, ndiyo maana ukumbi wetu hauhitaji kuchorwa upya. Jina lake kwa Kiingereza lina neno lenye maana ya achari, jambo ambalo limewachekesha sana mama zetu, nasi hatutaliingilia kwa kuwa hata wenyewe wanagombana juu ya asili yake.

Chombo cha kuchezea hakina nyuzi kama raketi. Ni kibao kitupu, na sisi tutakiita kibao. Mwaka 1984 Arlen Paranto, mhandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, alitengeneza kibao kwa mabamba yenye tumbo la vijumba mfano wa masega ya nyuki, ya namna ile itumikayo katika sakafu za ndege, na vibao vya leo vinafuata njia hiyo hiyo. Vingi vina uzani wa baina ya gramu 200 na 240. Ni vyepesi, na wepesi huo humdanganya mtu akadhani kwamba namna ya kushika haina umuhimu.

Tuanze na unene wa mpini, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea dukani. Shika mpini kwa mkono wako wa kuchezea, kisha jaribu kupenyeza kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyobaki baina ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia bila ya kubanwa na bila ya kupwaya, mpini ni wa kiasi chako. Kisipoingia, mpini ni mwembamba mno, na mkono utalazimika kukaza ili usizunguke. Ukisitasita baina ya vipimo viwili, chukua mwembamba: mpini mwembamba unaweza kuongezwa unene kwa kuviringishiwa utepe wa kushikia, ilhali mpini mnene haupunguziki.

Sasa tuje kwenye mshiko wenyewe. Mpini wa kibao hauna mviringo kama wa jembe. Una pande nane, na ukiupapasa utazihisi. Kishike kibao mbele yako kwa mkono wa kushoto, ukingo mmoja ukiangalia dari na mwingine sakafu, kama kisu kilicho tayari kukata. Upande ulio juu kabisa ndio wa kwanza. Kuanzia hapo hesabu kuelekea kulia na kuteremka. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ahesabu kuelekea kushoto, na yote tutakayoyasema ayageuze vivyo hivyo. Alama ya kufuata ni fundo la chini la kidole cha shahada, pale kidole kinapoungana na kiganja. Fundo hilo likae upande gani? Hilo ndilo swali lote.

Likikaa upande wa pili, mshiko huo huitwa wa Kontinenti. Ni sawa na kushika nyundo ukitaka kupigilia msumari kwa ukingo wa kibao. Likikaa upande wa tatu, ni mshiko wa Mashariki, na njia rahisi ya kuupata ni kuweka kiganja bapa juu ya uso wa kibao, kukiteremsha taratibu mpaka kwenye mpini, kisha kufumba vidole kama unayempa mwenzako mkono. Likishuka mpaka upande wa tano, chini kabisa, huo ni mshiko wa Magharibi: weka kibao sakafuni na ukiokote kama unavyookota kikaango. (Majina haya yamerithiwa kutoka katika tenisi, na Mashariki na Magharibi zinazokusudiwa ni pande mbili za Marekani. Wasomaji wetu kutoka Maskati na Unguja wasijitape.)

Mshiko wa kikaango ndio tuliouona kwa wingi miongoni mwa mama zetu, wala si ajabu, kwa kuwa mkono umeuzoea. Una nguvu kwa mpira wa juu unaokuja upande wa kiganja. Taabu huanza mpira unapokuja upande wa pili wa mwili, au unapokuja chini karibu na miguu: hapo kifundo cha mkono hulazimika kujipinda ili uso wa kibao uelekee mbele, na kifundo kinachojipinda mara 200 katika saa moja hakitaacha kulalamika. Mshiko wa Mashariki ni mwepesi zaidi kujifunza, na tunamshauri kila anayeanza auanze huo. Uso wa kibao hukaa wima wenyewe, na mpira huenda kule kiganja kinakoelekea.

Lakini mchezaji akishaanza kusogea karibu na wavu, tunampendelea mshiko wa Kontinenti, na sababu yake ni hii. Kila upande wa wavu kuna eneo la futi 7 ambalo mchezaji haruhusiwi kusimama ndani yake akapiga mpira usiokwisha kudunda. Waingereza na Wamarekani wanaliita jikoni. Wachezaji wazuri husimama kwenye ukingo wa jikoni, hawa huku na wale kule, na baina yao kuna futi 14 tu, kiasi cha mita 4 na robo. Katika umbali huo hakuna wasaa wa kugeuza mkono kwa mpira wa kulia na kuugeuza tena kwa mpira wa kushoto. Mshiko wa Kontinenti haudai kugeuzwa: kiganja kinatosha kwa upande huu na mgongo wa kiganja kwa upande ule. Aidha, huufanya uso wa kibao uinuke kidogo, jambo linalosaidia kuupitisha mpira mdogo wa taratibu juu ya wavu ukaanguka jikoni kwa wapinzani. Kasoro yake ni kwamba mwenye pupa ya kupiga kwa nguvu huona mpira unampaa ukatoka nje ya uwanja.

Ama kiasi cha kukaza, hapa ndipo penye kiini cha viwiko vyetu. Misuli inayoimarisha kifundo cha mkono wakati wa kushika imejifunga, kwa kano, kwenye mfupa wa nje wa kiwiko. Ukikaza kiganja saa nzima, hata pale mpira unapokuwa mbali, unazivuta kano hizo saa nzima. Jaribu hivi sasa: kunja ngumi kwa nguvu zako zote, kisha papasa mkono chini ya kiwiko kwa nje. Utauona ukakamavu uliojitokeza. Walimu wa mchezo huu hutumia kipimo cha 1 mpaka 10, ambapo 10 ni kukaza kwa nguvu zote. Wao huagiza mchezaji abaki kwenye 3 au 4, azidishe kidogo wakati wa kupiga kwa nguvu tu, kisha alegeze tena. Sisi tumezoea kuwaambia wazee wetu: kishike kama unavyomshika kifaranga, asikuponyoke wala asife.

Kulegeza kuna faida nyingine ambayo wachezaji vijana hawaisadiki mpaka waione. Mpira wa kasi ukigonga kibao kilichokazwa hurudi kwa kasi na kwenda mbali. Ukigonga kibao kilichoshikwa kwa ulaini, mkono huumeza mshindo, na mpira huanguka karibu na wavu. Ndiyo maana utamwona bibi wa miaka 65 akimshinda mjukuu wake mwenye misuli. Tumeliona, na mjukuu hajapendezwa.

Vidole navyo visibanwe kama ngumi. Kidole cha shahada kitengane kidogo na vya pili yake. Wapo waliotoka katika mpira wa meza ambao hukinyoosha kidole hicho juu ya uso wa kibao. Huongeza hisia, lakini hupunguza nguvu ya mshiko na kidole hupigwa na mpira. Kwa kanuni, mpira ukiugonga mkono ulioshika kibao, chini ya kifundo, mchezo huendelea kana kwamba umegonga kibao. Maumivu hayamo katika kanuni.

Kushika vizuri hakutoshi ikiwa kibao kinaning'inia pajani. Mahali pake, mchezaji anaposubiri, ni mbele ya kifua, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo na viko mbele ya mbavu, ili macho yaone mpira na kibao kwa pamoja. Ncha ya kibao iangalie juu, ikiinama kushoto mfano wa mshale wa saa 4 au saa 5 usiku kwa saa yetu ya Kiswahili. Kuinama huku kuna hekima yake: mgongo wa kiganja unaweza kuulinda mwili karibu wote, kuanzia bega la kushoto mpaka nyonga ya kulia, ilhali upande wa kiganja ukitaka kuulinda mwili huo huo kiwiko hukwama ubavuni. Wapinzani wajuzi hulenga kwapa la kulia kwa sababu hiyo. Kila baada ya kupiga, kibao kirudi mahali pake. Hili moja tu, mtu akilishika, atastaajabu namna mipira ilivyopungua kasi machoni pake.

Katika kuanzisha mchezo, mkono huteremka na kibao hupiga kutoka chini kwenda juu. Mpira uguswe chini ya kiuno, na kichwa cha kibao kisizidi kifundo cha mkono. Wenye mabega mazito wanaruhusiwa kuuachia mpira udunde kwanza ndipo waupige, na hapo masharti hayo ya kimo hayawahusu. Usirushwe juu wala kubamizwa chini, uachiwe tu.

Tumalizie na mavazi, maana yanagusa mpini moja kwa moja. Mikono mipana ya baibui na ya kanzu huteleza baina ya kiganja na mpini, na mchezaji hukaza zaidi bila ya kujijua. Mpira mwembamba wa kubania juu ya kifundo unatosha. Pete na bangili zivuliwe. Kiganja cha jasho kifutwe kila baada ya pointi. Na mpira ukipita juu ya kichwa, geuka ukimbie ukiangalia mbele. Usirudi kinyumenyume, kwani wachezaji wenye umri huumia zaidi kwa kuanguka kuliko kwa jambo lolote lingine, na kifundo cha mkono ndicho kinachotangulia sakafuni. Ambaye maumivu yake hayakutulia baada ya kupumzika wiki mbili au tatu amwone daktari kabla ya kurudi.

Jumamosi ijayo nusu saa ya mwanzo itakuwa ya mafunzo ya mshiko, kina mama kiwanja cha ndani, wanaume kiwanja cha karibu na mlango. Vibao vya akiba vimo katika sanduku la nyuma ya jukwaa. Vyenye mpini mwembamba vimefungwa utepe mwekundu.